Kilio cha Marudio, Msibani Makorora

Jamani, leo nimechefukwa hadi chakula cha msiba kimenishinda.

Jirani yetu Bi Mwanaidi kafiwa na mwanawe. Mara akaingia mpwa wake analia, nyuma shoga yake kashika simu anamrekodi. Akajitupa jamvini, tukamkumbatia, na mimi mjinga nikalia naye.

Shoga akamnong'oneza: "Sauti haikuingia."

Wallahi alijifuta machozi, akatoka, akavaa viatu, akaingia upya na kilio kile kile!

Sasa Bi Mwanaidi haoni vizuri. Akadhani kafika mwingine. Akanyoosha mikono, akaangua kilio upya: "Karibu mwanangu, ndugu yako katuacha."

Video ishapanda. Nyie mnaomwaga emoji za mioyo huko mtandaoni, humo ndani analia kweli mtu mmoja tu, Bi Mwanaidi, na hajui kama anarekodiwa.