Mtoto wa Kwanza wa Zahanati

Mdogo wangu nilimwonea wivu, na angekuwa wa kwako ungemwonea na wewe. Mimi nimekaa kwenye ndoa miaka na miaka, hata mimba ya kuharibika sijaipata. Yeye kaolewa Sumbawanga mjini na mwenye duka, mwaka haujaisha, tumbo hilo! Mama yetu akisikia mlio wa gari alikuwa anatoka mbio anafuta mikono, akidhani ni yeye. Mimi niliyemlimia ulezi na kumtwangia, nikibisha hodi anachungulia, anasema, "Ah, kumbe ni wewe."

Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, akarudi kijijini na tumbo lake, na kipaza sauti juu. Mgombea mmoja alimsikia akiimba kanisani, akamfanya msemaji wake kwa akina mama. Jamani, yule mtoto anajua kuongea! Alisimama juu ya gari la matangazo, kitenge kipya kinameremeta, akatangaza kwamba zahanati ya kijiji cha pili, njia ya kwenda Mwazye, mgombea ameshaimaliza. Ina kitanda cha kujifungulia. Ina mkunga anayelala pale pale.

"Na mimi mwenyewe," akajishika tumbo, "nitajifungulia hapo, mjini sirudi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikapiga na mimi, maana jirani yangu alikuwa ananitazama.

Lakini roho haikutulia. Nilitaka awe mwongo, nakuambia ukweli, nilitaka hata kidogo tu. Asubuhi nikachukua baiskeli ya mume wangu, nikaenda kuona kwa macho yangu. Jengo nililikuta, tena limepakwa chokaa nyeupe upande wa barabarani. Nyuma ni tofali tupu. Mlangoni kufuli kubwa. Nikachungulia dirishani: magunia ya mahindi mpaka darini. Mlinzi akanijibu bila hata kuona haya kwamba tangu biashara iwe huria kuna bwana mmoja wa mjini amelikodi, anasubiri bei ipande. Nikamuuliza kuhusu mkunga.

"Mkunga gani, dada?" akacheka.

Nilirudi nanyonga baiskeli ninaimba. Nilimkuta mama anakoroga uji, mdogo wangu kaegemea ukuta, miguu kainyoosha. Nikawaeleza yote: chokaa, kufuli, magunia. Nikasema arudi mjini hospitali mapema, tumbo la kwanza si la kuchezea.

Mdogo wangu akasema mambo yanakamilishwa wiki hiyo hiyo, mgombea kamwambia mwenyewe. Mama yeye hakuuliza hata swali moja. Aliweka mwiko chini.

"Una roho ya kwa nini, wewe. Mwenzio anabeba mimba, wewe unamtabiria kufuli!"

"Mama, nimeliona!"

"Umeliona kwa sababu umelitafuta."

Basi, nikasukuma baiskeli kwenda kwangu. Ningesema nini? Kwamba wivu sina? Ninao. Lakini na kufuli lilikuwepo.

Uchungu ukamshika siku ya mkutano wa kampeni kule Msanzi. Gari la matangazo likapita kumchukua, mama akanisukuma nami nipande, yeye miguu ilikuwa imevimba hawezi safari. Dereva akatushusha mbele ya ile chokaa, akageuza, anachelewa mkutano. Mdogo wangu akalitazama kufuli. Akanitazama mimi. Hapo nilipaswa kufurahi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika miguuni mwake, akanishika mkono kwa nguvu mpaka mkono ukafa ganzi.

Nilitandika kanga barazani. Zamani nilikuwa namshikia shangazi taa akizalisha, nikaona mengi, ila hili sikuwahi kuliona: ulitangulia mguu. Toba! Nilimwita Mungu na watakatifu wote ninaowafahamu. Mlinzi nilimtuma wembe na maji ya moto. Mdogo wangu analia, "Dada, usiniache," nami namwambia, "Nakuacha niende wapi, mjinga wewe, sukuma!" Mtoto alitoka wa bluu, nikampuliza, nikampiga makalio, akalia. Wa kiume. Nilimshika kwanza mimi kabla ya mtu yeyote duniani, na nilipomkabidhi kwa mama yake nilihisi ninanyang'anywa.

Nyumbani nilimsimulia mama kila kitu. Kwa kuwa mtoto alitanguliza miguu, mama alimwogesha dawa zake za kizee na kumfunga uzi mweusi kiunoni. Mgongo wangu akaupapasa. "Umefanya kazi, mwanangu," akasema. Nililala na neno hilo.

Kabla ya kupiga kura, mgombea akaja kijijini kwetu. Mama akawekewa kiti mbele. Mdogo wangu akapanda jukwaani na mtoto mgongoni: "Huyu ndiye mtoto wa kwanza wa zahanati yetu! Na aliyenizalisha ni huyu hapa." Akamshika bega mwanamke mwenye sare nyeupe ambaye sijamwona maisha yangu.

Damu ilinipanda. Nikapiga kelele kutoka katikati ya watu, "Muulizeni huyo mkunga, mtoto alitanguliza nini!"

Yule mwanamke akatabasamu. "Kichwa, dada. Kama watoto wote."

"Mwongo! Miguu! Mama yangu yupo hapo, muulizeni!"

Mgombea akainama kwa adabu zote, akamsogezea mama kipaza sauti. "Bibi, tuambie wewe. Kichwa au miguu?"

Mama akasimama. Akanitazama, na nikajua amekumbuka kila kitu nilichomsimulia. Kisha akainua macho jukwaani kwa mdogo wangu, aliyekuwa anang'ata midomo.

"Kichwa," akasema.

Watu wakacheka. Mmoja nyuma yangu akasema mwacheni huyo, ni mgumba. Mama akakaa, akanyoosha mikono apewe mtoto.