Gunia la Kanga Zilizoharibika

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja nikiwa msichana mgeni kutoka Mlingotini, nimeajiriwa kukunja kanga katika kiwanda kimoja Dar es Salaam. Kila kanga mpya ilianza na kitambaa cha kujaribia rangi. Siku hiyo nyekundu ilipanda juu ya nyeusi, ua likatoka na vichwa viwili, na kitambaa kikaenda kufutia mashine. Salumu, mchapaji, ndiye pekee aliyekata kipande na kukitia mfukoni.

"Salumu, unamshonea bibi harusi?" wenzake walimtania.

"Namshonea shangazi yako, atapendeza!"

Mimi nilimuuliza kwa upole. Akasema, "Kanga nzuri itavaliwa mpaka iishe. Hii mbovu haina wa kuivaa. Ndiyo itakayobaki kuonyesha tulivyohangaika."

Akanioa. Kiwanda kilipofungwa tulihamia Bagamoyo, na gunia la vipande vyake likaja nasi.

Mwaka huu Salumu amefariki. Nilipotoka eda tuligawa nguo zake, kama desturi yetu. Mdogo wake akaliburuta gunia uani.

"Shemeji, matambara haya nani atayataka? Tuyachome."

Nikalikalia. Nilijua tu kwamba likiungua, kazi ya mume wangu imekwisha duniani.

Binti wa jirani anafanya kazi kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya chuo kikuu. Aliniambia wanakusanya mambo ya viwanda vya jiji. Nikalipeleka mwenyewe.

Chumba kilikuwa baridi, kimya kama msikiti watu wakishatoka. Nikavua viatu bila kuambiwa. Binti alivaa glavu, akavilaza vipande kimoja kimoja juu ya karatasi nyeupe, taratibu, kama anamlaza mtoto mchanga. Vitambaa vya kufutia mashine, mwanangu! Pembeni mwa kimoja palikuwa na alama ya kidole gumba, ya buluu.

"Bibi, hiki kidole cha nani?"

"Cha mume wangu."

"Kugusa kwa mkono mtupu hakuruhusiwi," akasema, kisha akanipa mgongo, akatafuta kitu kabatini kwa muda mrefu sana.

Nikaweka kidole changu juu ya cha Salumu.

Mwanangu, sikusoma sana, lakini hili nalijua. Kabla hujachoma alichoacha marehemu, kifungue kwanza, uulize mikono yake ilifanya nini. Na kazi yako ikiharibika, usione haya kuweka kipande. Mungu akupe mikono ya halali, na akupe mtu wa kulikalia gunia lako.