Mikono ya Mama Chanuo yajifunza kutulia

Saa nne kasorobo asubuhi, Mama Chanuo anasogeza kiti kwa mara ya tatu, kisha anakirudisha kilipokuwa. Chumba ni kidogo: viti viwili, meza fupi, boksi la tishu na dirisha lenye pazia la kijivu. Mteja wake wa saa nne hajaonekana kwa wiki mbili.

"Asipokuja leo, basi tena," anasema akichungulia koridoni. "Na kosa ni langu mwenyewe, simsingizii mtu."

Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ushauri nasaha katika kituo hiki cha afya. Ili ahitimu, lazima amfikishe mteja mmoja vikao kumi na viwili, chini ya msimamizi. Huyu ameishia cha saba. Akikomea hapo, mwaka unarudiwa.

Jina la Mama Chanuo alipewa na wateja wa namna nyingine. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa msusi, chanuo limechomekwa nyuma ya sikio kama penseli ya seremala.

Ukimtajia saluni, uso wote unalainika. Anakumbuka benchi lililopigwa msasa na makalio ya wateja, redio iliyoshika stesheni moja tu, harufu ya mafuta yakipashwa moto. Siku ya kawaida alisuka vichwa sita. Kuelekea sikukuu, hadi kumi na kimoja.

"Mtu ukimsuka hakuoni usoni. Wewe uko nyuma, yeye anatazama mbele, basi maneno yanatoka yenyewe," anasema. "Nimeambiwa mambo mle ndani ambayo waume zao hawayajui mpaka kesho. Jamani, naikumbuka saluni yangu! Siku nyingine nalia kabisa."

Mbona basi aliifunga? Hapo anashusha sauti. Asubuhi moja, mteja aliyekuwa akimsuka kwa miaka tisa alimwomba amnyoe nywele zote.

"Akasema, 'Kata tu, huko niendako sizihitaji.' Nikamuuliza, kwani umeitwa jeshini? Tukacheka wote wawili."

Siku mbili baadaye mteja huyo alilazwa hospitali, baada ya kujaribu kujiua. Aliokolewa, akachukuliwa na dada yake kwenda kuishi mji mwingine.

"Alikuwa ananiaga, na mimi namtania," anasema Mama Chanuo. Mwaka uliofuata alijiandikisha chuoni, akakaa darasa moja na watoto wa rika la binti yake. Sasa husuka Jumamosi tu, vichwa vitatu vinavyomlipia ada.

Msimamizi wake, mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, anamsifu kwa namna anavyosikiliza. Hamkatizi mtu, hamharakishi, wala hashtuki.

"Sikio analo. Tatizo lake ni mikono," anasema msimamizi.

Katika kikao cha saba, mteja wake huyu wa saa nne, dada aliyefiwa na mama yake, aliangua kilio na kilemba kikamdondoka. Nywele zilikuwa zimefumuka nusu. Mama Chanuo aliinuka, akasimama nyuma yake, na kabla hajajitambua alikuwa ameshasuka mistari miwili. Mazoea yana taabu. Dada yule alijifunga kilemba, akaondoka bila kuaga.

"Mshauri hamgusi mteja bila idhini," anasema msimamizi. "Lakini aliliandika kosa hilo mwenyewe kwenye ripoti. Mimi sikuwepo. Angeweza kuficha."

Nyumbani, Mama Chanuo hupumzika kwa kaseti zake za zamani na maua aliyoyapanda kwenye makopo ya mafuta ya nywele. Mume wake, fundi baiskeli, hamwachi apumue.

"Siku hizi hata nikimwambia chumvi imezidi," anasema mume huyo, "ananiuliza, 'Na hilo linakufanya ujisikieje?' Najisikia njaa, mama!"

Saa nne na dakika kumi na mbili, viatu vinasikika koridoni. Dada mwenye kilemba anapita bila kutazama pembeni, na mlango unafungwa. Mwandishi anabaki kwenye benchi la nje.

Dada huyo anapotoka, macho mekundu, anaridhia maneno yake yaandikwe bila jina.

"Nilikaa kimya karibu robo saa, naye kimya. Kuangalia hivi, mikono ameikalia, kama mtoto aliyekatazwa! Nikacheka. Ndipo nikaanza kusema."

Hakuwa amekasirika kusukwa, anaeleza. "Marehemu mama alikuwa akinisuka hivyo hivyo, kwa vidole vizito. Niliogopa nikirudi nitalia nisinyamaze. Leo nimelia, na nimenyamaza."

Kikao cha nane kimeingia kwenye daftari. Vimebaki vinne. Akifuzu, Mama Chanuo anataka kuzunguka saluni za mji mzima kuwafundisha wasusi kusikia maneno ya kuaga.

"Zamani mteja asiporudi niliona nimeibiwa," anasema akikunja tishu zilizotumika. "Hapa nataka wafike mahali wasinihitaji, wakinikuta njiani wanipungie tu, waende zao. Lakini huyu bado. Huyu namtaka Alhamisi, na Alhamisi nyingine, mpaka vikao viishe. Na siku hiyo ya mwisho, mwanangu, atakayelia ni mimi."