Chelezo cha Chaki Sebuleni

Baba mkwe wangu alikuwa fundi rangi wa daraja. Si nyumba, si mabango: daraja la chuma linalovuka mto wetu, lile refu ambalo ukimaliza kulipaka upande mmoja, upande wa pili kutu imeshaanza. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kamba, ananing'inia juu ya maji na brashi mkononi. Kisha kiharusi kikamnyang'anya miguu. Miaka sasa anaishi kwenye kiti cha magurudumu, na dereva wake ni mimi. Namsukuma bafuni, namsukuma kliniki, na njia nzima ananisahihisha kona.

Mume wangu anaziba matairi. Wateja wanamwita Pancha, nami nikikasirika humwita hivyo hivyo. Jioni moja alirudi na mipira ya ndani ya matairi ya lori begani, akatangaza kwamba mvua zikikatika tutaunda chelezo na kushuka na mto kwa siku kadhaa. Tutavua, tutapiga hema ukingoni, tutaendelea mpaka mji wa chini, ambako rafiki yake atatupokea na pikapu. Nilidhani jua limempiga.

"Sisi nani?" nikauliza.

Kabla hajajibu, Baba akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mimi maisha yangu yote nimeuona ule mto ukipita chini ya miguu yangu. Sijawahi kwenda nao hata kidogo."

Hakuomba. Nilizitazama nyayo zake zilizokaa tu pale.

Basi Pancha akachukua chaki, akapiga magoti, akachora chelezo kizima kwenye sakafu ya sebule, kwa ukubwa wake halisi. Ndivyo alivyo, hata kazini hagusi tundu la tairi kabla hajalizungushia chaki. Kila kitu cha safari kilipaswa kuenea ndani ya mstari: mahema, jiko dogo la gesi, madumu ya maji ya kunywa, kopo la ndoano na mishipi, maboya, na sisi wenyewe. Kisichoenea, hakiendi. Nikipita na ufagio, naambiwa nimezama. Sufuria yangu kubwa ilitupwa nje siku ya kwanza, nikanuna. Ikarudishwa kimyakimya pale wachimba mchanga wa huko chini walipotuambia kwa simu kwamba maji yametulia na kambare ni wa kumwaga.

Kikwazo kilikuwa wifi yangu. Ni nesi, na yeye akikunja uso hata daktari hunyamaza. Alisimama mlangoni, yaani katikati ya mto, akatutolea macho.

"Mnataka kumzamisha Baba? Hata kwenye kochi anainama! Huyu haendi popote."

"Basi nipime," Baba akasema.

Akampima kweli. Jumamosi asubuhi tulimshusha ndani ya chaki, mgongo kwenye kreti tuliyoifunga mito ya kochi, mkanda kiunoni, boya kifuani. Sharti lilikuwa akae hivyo mpaka jua litue. Akianguka upande, safari kwake imekwisha, na sisi wengine tulishajua kwamba bila yeye hatuna hamu ya kwenda. Baba alinywa chai humo, akala humo. Alirusha mshipi kuelekea jikoni, akavua kandambili ya wifi. Lakini mchana jasho lilimtoka, midomo ikakauka, nikaona mkono wake umeng'ang'ania ukingo wa kreti. Nilitamani kupiga kelele yaishe. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Jua lilitua yuko wima. Wifi alimfungua mkanda mwenyewe, akampangusa uso taratibu, kama vile anamwona kwa mara ya kwanza.

"Utavaa boya hata ukilala," akasema, na sauti ikamkatika. "Na mimi nakuja."

Pancha akahema, akafuta mstari mmoja, akaongeza ubao.

Chelezo cha kweli kilipokwisha kuundwa, tuliondokea chini ya daraja lenyewe. Tulipomweka Baba mahali pake na kuachia kamba, mkondo ukatuchukua kabla kasia halijagusa maji. Daraja likapita juu yetu, chuma juu ya chuma, kubwa kuliko nilivyowahi kulidhania, na Baba akalitazama kutoka chini, mdomo wazi. Kisha kingo zikaanza kutembea. Miti, mawe, ng'ombe waliokuwa wakinywa, vyote vilitusogelea na kutuacha bila sauti. Mbele maji yalifunguka mapana, yanameremeta mpaka macho yakauma. Mwili ulinisisimka. Nilijiona mdogo sana, nikafurahi.

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya Baba, mikono yote miwili kwenye kreti. Mazoea tu. Akageuza shingo.

"Nani anasukuma?"

"Hakuna, Baba. Ni mto wenyewe."

Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaubandua kwenye kreti, kidole kwa kidole.

"Basi kaa, mwanangu," akasema. "Kaa na wewe uone."