Mwaka Tulionuswa Midomo

Mliokulia nyanda zetu za juu hamhitaji kuelezwa harufu ya ulanzi, yale maji ya mwanzi, uliogemwa alfajiri. Kwa wengine nitasema tu kwamba ni harufu ya majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi, yenye utamu kidogo na uchachu wa mbali unaosita kuingia. Juzi niliikuta Makambako. Mama mmoja alikuwa anamimina kutoka kwenye dumu la plastiki pembeni mwa soko, na mimi, badala ya kutamani, nikapandwa na hasira. Nilisimama pale nimekunja ngumi, mtu mzima mwenye wajukuu, mpaka yule mama akaniuliza, "Kamwene bibi, nimekukosea nini?" Nikamwambia hajanikosea. Aliyenikosea alikwisha kufa zamani, na kufa kwake hakukunipunguzia kitu.

Nilipokuwa mtoto alikuwa anatawala Mwingereza, na Makambako ilikuwa njia panda yenye maduka machache na vumbi jingi. Sisi tulikaa upande wa Mahongole, na shule yetu ya misheni iliishia darasa la nne. Kila nyumba ilikuwa na kichaka chake cha mianzi. Mvua zikianza, baba alikata ncha za machipukizi na kutega mbeta, kile chombo cha pingili ya mwanzi, na kila asubuhi na jioni aliparura tena ile ncha ili maji yake yasikauke. Ulanzi wa alfajiri haujawa pombe. Ni mtamu, unateleza kooni, na mtoto hupewa kama anavyopewa uji. Na miezi ile uji wenyewe haukuwepo, maana mahindi ya mwaka jana yalikuwa yamekwisha na mapya hayajatoa hata ndevu. Mama alinijazia kikombe cha bati, akaniongezea kiazi cha kuchoma kama kilibaki, nami nikashika njia kwenda shule. Tulikuwa Wakristo wazuri tu. Hata watoto wa wazee wa kanisa walikunywa hicho hicho.

Ndipo akaletwa Mwalimu Mkuu mpya, jina lake Zefania. Alikuwa mtu wa huku huku, amekuzwa kwa ulanzi wa mama yake kama sisi sote, lakini tangu arudi chuoni na viatu vyeusi vya kung'aa alijifanya kama amezaliwa chuoni. Alitangaza kwamba shule ya Mungu haiingiwi na walevi. Kila asubuhi tungepanga mstari mlangoni, mwalimu wa darasa anuse mdomo mmoja mmoja. Mara ya kwanza ukikutwa unanuka, unarudishwa nyumbani. Mara ya pili unachapwa na kurudishwa. Mara ya tatu unaondolewa darasa la mtihani. Mimi nilikuwa darasa la nne, na bila mtihani ule hakukuwa na shule ya kati. Kwa msichana maana yake ilikuwa jembe, halafu mume.

Mwalimu wetu aliitwa Yeremia, mtu wa kijiji cha Kifanya, mrefu mwembamba, mwenye koti moja la kijivu. Pombe alikuwa haigusi kabisa. Hata togwa iliyolala aliikataa, akisema yeye na Mungu wake wameshapatana juu ya jambo hilo. Zefania alidhani amempata msaidizi. Asubuhi ya kwanza Mwalimu Yeremia aliinama, akanusa, akasema, "Safi, pita." Wa pili, "Safi, pita." Tulipita sote, na darasa zima linanuka kama kichaka cha mianzi.

Haikuchukua muda Zefania akagundua, akaishika kazi ya kunusa yeye mwenyewe. Hapo tulitapatapa. Tulitafuna mkaa, tukatafuna majani ya vitunguu, lakini akasema kitunguu ndicho ushahidi. Mwenzetu Lutengano alitafuna kipande cha sabuni, na alipofungua mdomo kusema shikamoo povu likamtoka, akachapwa kwa ajili ya povu. Tulicheka sana siku ile. Siku zilizofuata mimi nilirudishwa mara mbili, ya pili na viboko, na sikucheka tena.

Basi nikaacha kunywa. Mama alinisihi, nikakataa, nikawa naondoka nyumbani tumbo tupu na mdomo safi. Asubuhi moja niliitwa ubaoni kufanya hesabu ya kugawanya. Ninakumbuka chaki mkononi, kisha ubao ukaanza kuzunguka. Nilipozinduka nilikuwa chini, kichwa juu ya lile koti la kijivu, na viatu vyeusi vimesimama kando yangu.

"Uvivu huo," alisema Zefania. "Mtoeni nje apate hewa."

"Mwalimu Mkuu, mtoto huyu hajala," alijibu Mwalimu Yeremia. "Ulichomkataza ndicho chakula chake."

"Pombe ni pombe. Ukiitetea, na wewe ni mlevi."

Mwalimu Yeremia alinisaidia kukaa. Aliokota koti lake bila kumtazama Zefania. Nilidhani anaogopa.

Kesho yake kulikuwa na ukungu mzito. Tulikuwa tumeshapanga mstari alipotokea Mwalimu Yeremia akiwa amebeba mbeta iliyojaa, ambayo nilikuja kujua aliiomba kwa baba yangu alipopita nyumbani kwetu. Alisimama mbele yetu, akaiinua kwa mikono miwili, akanywa. Alikunja uso kama mtu anayekunywa dawa ya homa, akapumzika, akanywa tena mpaka ikaisha. Kisha akaenda kusimama nyuma ya mtoto wa mwisho na kusogea pamoja na mstari, hatua kwa hatua, kama mwanafunzi. Zamu yake ilipofika ilibidi ainame sana, maana Zefania alikuwa mfupi.

"Ninuse na mimi, Mwalimu Mkuu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Zefania alimwambia atoke, na asikanyage tena pale. Mwalimu Yeremia akajibu kwamba atatoka pamoja na wenzake waliokunywa kama yeye, akavuka kijito, akaketi chini ya mianzi. Tulimfuata darasa zima, hata wale waliokuwa na midomo safi. Huko alitufundisha kugawanya kwa vijiti vya mwanzi, na wazazi walitupitishia vikombe vyetu kabla ya somo. Sijawahi kuelewa hesabu vizuri kama nilivyoielewa pale kwenye majani yaliyolowa.

Kisha ikasikika kwamba mkaguzi anakuja kutoka Njombe. Zefania hakutaka Mzungu akute chumba kitupu, kwa hiyo alitutumia mtu kutuita turudi, na habari ya kunusa ikafa kimya kimya kama haikuwahi kuwepo. Tuliitwa sisi tu. Mwalimu Yeremia hakuitwa. Alikwenda Makambako kupima mahindi kwenye duka la Mhindi, mikono iliyozoea chaki ikabeba magunia. Mwisho wa mwaka tulifanya mtihani, tukafaulu wengi, na Zefania akapewa sifa. Nilimwona akipeana mkono na mkaguzi, anacheka, nikatamani kumtemea mate. Ningekuwa na urefu wa kutosha ningemtemea.

Jumapili Mwalimu Yeremia alikuwa anatoka Makambako kwa miguu kuja kusali kwetu. Aliketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na watu walipokwenda kwenye Meza ya Bwana yeye alibaki peke yake. Sisi watoto tulidhani amechagua kukaa pale apate kutoka mapema, kwa kuwa safari yake ni ndefu.

Nilijua maana ya benchi lile nilipoanza mafundisho ya kipaimara. Waliotengwa na kanisa hukaa huko mpaka watubu mbele ya usharika. Nilikimbia nyumbani kumwuliza mama, naye akaacha kumenya viazi, akanisimulia. Zefania alikuwa amemshitaki kwa wazee kwamba amelewa mbele ya watoto. Wazee walimfuata Mwalimu Yeremia mara nyingi. Hawakutaka mengi, asimame tu Jumapili moja aseme alikunywa pombe na kwamba anatubu, yaishe. Aliwajibu hivi, mama alisema: "Nilikunywa chakula chao. Nikitubu mimi, watoto wale watakuwa walevi."

Siku ya kipaimara changu nilivaa gauni jeupe la kuazima. Mvua zilikuwa hazijaisha, na asubuhi ile mama alinijazia kikombe changu kama kawaida, nikanywa chote. Zefania alikuwa amefanywa mzee wa kanisa, na ndiye aliyetupanga mstari mlangoni. Tulipoingia, Mwalimu Yeremia alikunja miguu yake mirefu ili tupite, akanitikisia kichwa kidogo, kama alivyozoea nilipopata hesabu. Hakuna aliyeninusa. Nilipiga magoti mbele, nikapokea mkate, na nyuma yangu nikamsikia akikohoa peke yake kwenye lile benchi. Hasira ilinikaa kooni pamoja na mkate ule. Mkate ulishuka.