Valvu Iliyopakwa Mawese

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa mzima, jua linawaka, tumboni mna uji na kipande cha muhogo tu. Nakwambia mapema kwa sababu najua utafika mahali uanze kunitazama kwa jicho la pembeni. Nitazame tu. Katubuka nzima, mtaa wetu, wameshanitazama hivyo, na bado nalisimulia kwa raha.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Kila asubuhi ziwa lilituletea watu. Boti zilitoka Kongo, nyingine Burundi, zimejaa hadi maji yanalamba kingo zake, na mji wetu ukajaa mablanketi ya kijivu, nyimbo ngeni na watoto waliojifunza majina yetu kabla hatujajifunza yao. Mimi nilikuwa kijana wa boila katika hospitali moja ya Kigoma. Kama hujawahi kuona boila, ni pipa kubwa la chuma: chini moto, ndani maji, juu mvuke. Mvuke wetu ulikwenda kwenye mashine ya kutakasia mashuka na magauni ya upasuaji. Bila mvuke, daktari alikaa mikono mitupu.

Juu ya pipa hilo kuna valvu ya usalama. Kazi yake ni moja: mvuke ukizidi, ifunguke yenyewe na kuutoa nje. Isipofunguka, pipa linapasuka, na aliye karibu hata kutafutwa hatafutwi. Springi ya valvu yetu ilikuwa imevunjika, boila tukalizima, na fundi mkuu alikuwa kwao Tanga msibani. Nilibaki peke yangu na pipa baridi.

Mchana mmoja ndipo nikapata valvu kwa mzee mmoja muuza vyuma wa Ujiji. Ilikaa dukani kwake miaka, lakini ukiiona ungesema imetoka kiwandani jana. Iling'aa rangi ya machungwa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mzee alikuwa ameipaka mawese isishike kutu. Unatujua sisi wa Kigoma. Mawese tunapikia, tunapaka nywele, tunalainishia bawaba na minyororo ya baiskeli. Kwa nini valvu ibaguliwe?

Niliporudi, nesi Anjela alikuwa ananisubiri mlangoni. Kuna mama wa Kikongo, akaniambia, mtoto amekaa kimshazari tumboni, lazima apasuliwe kabla ya magharibi, na hakuna shuka hata moja lililotakaswa. Akaniomba niharakishe. Haikuwa sauti ya kuamrisha. Ingekuwa hivyo, isingenisumbua sana.

Basi nikaikagua ile valvu mbiombio. Namba ya mgandamizo iliyochongwa ubavuni ilikuwa sawa na ya ile ya zamani. Nyuzi za skrubu zilikuwa nzima. Nikaugusa mkono wake wa kunyanyulia, ukacheza kidogo. Nikaona inatosha. Nikachukua spana.

"Papa fundi, hiyo kitu imelala bado."

Nikageuka. Kwenye benchi karibu na mlango alikaa mama mmoja mnene, kitenge cha miavuli, mwanya mpana, amelowa kuanzia kichwani hadi miguuni. Nikamwamkia shikamoo. Akacheka, akasema hiyo salamu ya huku hajajua bado kuijibu, nimsalimie jambo tu. Nikadhani ni mmoja wa walioshuka na boti asubuhi, anatafuta joto. Nikamwambia moto bado haujawaka, asubiri.

"Mimi sikufuata moto," akasema. "Umecheza mkono wake. Mdomo umefunguka?"

Swali gani hilo kutoka kwa mtu asiyenijua? Lakini nikachukua tochi, nikamulika ndani huku nikinyanyua ule mkono. Kifuniko cha ndani hakikutikisika. Mawese ya miaka yalikuwa yameganda kukizunguka, magumu, yanang'aa kama gundi iliyokauka. Nje valvu ilikuwa bibi harusi. Ndani ilikuwa kizibo. Ningeifunga, nikawasha moto, nikakaa pale nikipiga mluzi.

Nikaiweka spana chini. Yule mama akanicheka vizuri sana, kicheko cha mtu aliyezoea kuchekea sokoni. Akasema ameuza mawese maisha yake yote, anajua yakizeeka yanavyoshika, na dawa yake ni magadi na maji yanayochemka. Nikaweka sufuria kwenye jiko la mkaa, nikatia magadi, nikaizamisha valvu. Muda si muda maji yakaanza kutoa povu jeupe. Sabuni! Chuma chetu kilikuwa kinageuka sabuni mbele ya macho yangu, na mama wa watu anapiga makofi kwenye mapaja.

Hapo nesi Anjela akaingia na beseni la mashuka. Akaliweka juu ya benchi, palepale alipokaa yule mama. Mama akasogea kidogo kumpisha, akanikonyeza. Nesi akaniuliza naongea na nani.

Niamini, nywele zilinisimama. Nesi alipotoka ndipo nikaona na mengine. Kile kitenge kilikuwa kinachuruzika maji tangu afike, na sakafu chini yake ilikuwa kavu. Nilitaka kukimbia, ila mlango ulikuwa upande wake. Yeye akainuka, akatumbukiza mkono kwenye maji yanayotokota, akaitoa valvu, akanikabidhi. Mkononi mwake ilikuwa baridi kama jiwe la ziwani. Akasema: "Ijaribu kwanza. Binti yangu hana mama mwingine wa kumwangalia."

Nikaifunga kwenye pampu ya mkono tuliyojaribia mabomba. Nikapampu, macho kwenye geji. Mshale ulipofika kwenye namba iliyochongwa, valvu ikafunguka, maji yakaruka hadi darini yakanimwagikia usoni. Nilikuwa nacheka kabla sijajifuta. Nilipofumbua macho, benchini palikuwa na beseni tu.

Nikawasha moto. Mvuke ukapanda, mashuka yakatakaswa, na kabla ya adhana ya magharibi nikasikia kilio cha mtoto kikitoka chumba cha upasuaji, kikali, cha mwenye hasira zake. Niliimba nikiwa peke yangu na pipa langu.

Siku yule mzazi aliyepasuliwa alipoweza kukaa kitandani nilikwenda kumwona. Jina lake Furaha. Nikamweleza yote, kitenge, mwanya, mawese. Akanisikiliza bila kupepesa. Kisha akaniambia mama yake alizama boti yao ilipopigwa na mawimbi, hawakumpata.

"Alikuwa anacheka?" akauliza.

"Sana."

"Na alikuamrisha?"

"Tangu alipofungua mdomo."

"Basi ndiye," akasema, akacheka na kulia kwa pamoja, na wodi nzima ikageuka kututazama. Mtoto akapewa jina la bibi yake. Mume wa Furaha alipofika na boti nyingine, salama, tulikula dagaa na ugali kwenye ua wa hospitali hadi wauguzi wakatufukuza.

Mimi tangu hapo siwezi kufunga kifaa kipya bila kukichemsha na kukijaribu. Koki ya bomba la nyumbani niliitia sufuriani, mke wangu akarudi kwao kwa siku nzima akidai ameolewa na mwehu. Yule mtoto sasa ni dada mkubwa, anauza mawese Ujiji, na kila nikipita ananiuliza kwa sauti, mbele ya wateja, nimechemsha nini leo.

Nawe unayenisoma, nakuonya. Usikiamini kifaa kwa kung'aa kwake, kifungue umulike ndani, hata kama anayekuharakisha ana haki ya kukuharakisha. Na akitokea mtu aliyelowa akakuambia subiri, usimwangalie miguuni. Weka spana chini, usubiri.