Mkwe Aliyetupwa Mara ya Pili

Eisaku Onozuka alizeeka akiitwa Mkwe. Aliingia kijiji kile cha milimani akiwa kijana wa shingo nene, mtoto wa tatu wa muuza samaki wa pwani, akamwoa Tamae, binti pekee wa mzee Onozuka. Mzee hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo Eisaku aliacha jina la baba yake akachukua la ukweni, na pamoja na jina akachukua mashamba ya mpunga ya ngazi ngazi, makaburi ya ukoo ya kufagia, na paa kubwa kuliko yote kijijini. Anayedhani paa kubwa ni bahati hajawahi kulipanda mwezi wa Januari na koleo mkononi, akaangusha theluji asubuhi nzima, akashuka kunywa supu, akatoka na kukuta limejaa tena kana kwamba hakuna aliyefanya kazi.

Wenyeji walimpokea kama walivyowapokea wote waliotoka nje kuja kuchukua binti zao. Tarehe kumi na tano ya Januari, vijana walimbeba mabegani mpaka kwenye hekalu dogo juu ya mteremko, wakamnywesha pombe ya mchele, wakamshika mikono na miguu, wakambembeza mara tatu, wakamrusha chini. Alibiringika mpaka theluji ikamwingia masikioni, puani na ndani ya suruali. Chini alimkuta Tamae ameshika taulo, anacheka mpaka ameketi. Eisaku naye alicheka. Alidhani deni la kuchukua binti wa watu limekwisha hapo.

Wapi! Akinunua trekta, walisema Mkwe anatanua kwa jasho la mzee Onozuka. Figili za chumvi zikiharibika kwenye pipa, walisema ni mkono wa mtu wa pwani, hawa hawajui kitu zaidi ya samaki. Mzee alipofariki na Eisaku akalia mazishini, walinong'ona kwamba analia kwa furaha. Wilaya ilipomwajiri kuendesha gari la kusukuma theluji, aliamka kabla ya mapambazuko majira yote ya baridi ili watoto wafike shule na wagonjwa wafike zahanati, na shukrani aliyoipata ilikuwa madirisha kufunguliwa na vichwa kutokeza.

"Mkwe! Umenizibia mlango kwa theluji!"

"Kesho nitaiacha barabarani, bibi, uichemshie chai," alijibu siku moja, na jibu hilo walilizungusha kijijini mwaka mzima kama ushahidi wa malezi yake.

Naye aliwadharau. Aliwadharau kimyakimya, ameketi juu kwenye kiti cha gari lake, injini ikinguruma, akiwatazama kupitia kioo. Watu waliotukana theluji toka Desemba hadi Aprili, halafu mgeni akija wakati wa kiangazi wanamwambia kwa macho malegevu kwamba theluji ndiyo mama yao. Wanaume waliojisifu kwa ushupavu wa watu wa milimani, na kila mmoja ana pedi ya joto kiunoni.

Zaidi ya wote alimdharau Masatsugu, mwenye nyumba ya wageni kubwa karibu na chemchemi za maji moto, na mwenyekiti wa jumuiya ya watalii. Huyu ndiye aliyeshika mguu wa kulia siku Eisaku aliporushwa. Alikuwa na mgongo wa ajabu. Theluji ikianguka, mgongo uliuma, hawezi kuinua hata ufagio. Siku ya karamu mgongo huohuo ulipona, akacheza na bakuli kichwani.

Miaka ikaenda, kijiji kikaishiwa na mabinti. Waliondoka kwenda kusoma, wakaolewa huko huko mijini, na Chizuru, mtoto wa Eisaku na Tamae, aliwaambia kabisa kwamba hataki mume wala paa. Masatsugu hakukata tamaa. Alitangaza kwamba bwana harusi yeyote, kutoka popote, anaweza kuja kurushwa. Wakaanza kuja wenzi kutoka jijini, wasio na shangazi wala jiwe la kaburi kijijini, wamevaa nguo za rangi za watu wa michezo ya theluji. Walirushwa, wakapigwa picha, wakaenda kujiloweka kwenye maji moto, wakaondoka kwa treni ya jioni. Mmoja aliomba arushwe polepole. Wazee walimwinamia kwa heshima, wakamteremsha kama sanduku la mayai.

Kisha ukaja mwaka ambao bwana harusi pekee aliyejiandikisha alishikwa na homa ya mafua. Nyumba za wageni zilikuwa zimejaa, na wapiga picha walishasimika vyuma vyao vya kamera kwenye theluji kama wanaoweka nafasi makaburini. Siku moja kabla, Masatsugu akabisha hodi kwa Eisaku, akaingia, akasukuma miguu chini ya blanketi la meza ya joto bila kukaribishwa. Tamae alikuwa anamenya chenza.

"Mkwe," alisema Masatsugu, "kijiji kinakuhitaji."

"Barabara imeziba wapi?"

"Si barabara. Tunahitaji mtu wa kurushwa. Na wewe, ukifikiri sana, bado ni mkwe."

Eisaku alimtazama usoni kuona kama amelewa. "Nina mvi mpaka masikioni, Mwenyekiti."

"Tutakuvika kofia."

"Na mimi mtanivika nini?" aliuliza Tamae. "Shela?"

"Mama Chizuru, wewe utasimama chini tu na taulo, kama siku ile."

"Siku ile nilikuwa na magoti."

Masatsugu alicheka kicheko kile alichowawekea wageni wanaolipa. Eisaku alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia aende akamrushe paka wake. Lakini mwenyekiti akainama mbele, akashusha sauti kama anayetoa zawadi.

"Na ukweli ni kwamba, Bwana Eisaku, baada ya hapo tutakuhesabu mwenyeji. Kabisa."

Tamae aliacha kumenya. Eisaku hakufurahi hata kidogo. Mkewe amewazika baba na mama pale. Yeye mwenyewe ameteguka bega kwenye paa la hekalu lao. Hakuna mlango wa kijiji kile ambao hajaufungulia njia. Na leo mtu mwenye mgongo wa karamu amekuja kumpa uenyeji kama anavyompa mgeni kandambili za kuogea.

"Kabisa?" aliuliza.

"Kabisa kabisa!"

"Basi nitakuja. Ila wewe mwenyewe unishike. Safari ile ulishika mguu. Safari hii shika mkono wa kulia."

"Unajua huu mgongo wangu..."

"Naujua. Na wapiga picha je, watamtaka mwenyekiti pembeni?"

Hilo Masatsugu hakuwa amelifikiria. Alijipapasa nywele. Akakubali.

Alipotoka, Tamae alimgeukia mumewe. "Baba Chizuru, una nini kichwani?"

"Si nimesema? Mvi."

Siku yenyewe ilikuwa na jua kali, na theluji iling'aa mpaka macho yakauma. Kwanza walichoma kamba za Mwaka Mpya zilizotundikwa milangoni na majani makavu ya mpunga, moto ukapanda kuliko misunobari, wazee wakachoma mochi zao, zile keki za mchele, kwenye ncha za vijiti. Kisha majivu yakachanganywa na theluji, na watu wakaanza kupakana masizi usoni, huku wakipeana hongera. Mila inataka usimbague mtu, umpake jirani hata kama mnapelekana mahakamani. Wageni walipiga kelele za raha, wakapakwa kidoti kimoja shavuni, wakajipiga picha, wakajifuta kwa karatasi zenye manukato. Mwanamke mmoja aliuliza kama majivu yale yanafaa kwa ngozi kavu. Masatsugu alimwambia ndiyo, sana.

Halafu akapanda mteremko, akashika kipaza sauti, akahutubia kuhusu upendo wa kale kati ya kijiji na wakwe zake. Eisaku alilala mikononi mwa wanaume wanne, akitazama mbingu, akisikiliza. Alikuwa mzito kuliko zamani, na wale wanne hawakuwa vijana. Mmoja alishaanza kukohoa. Hotuba ilipokwisha, Masatsugu alichomeka kipaza sauti kiunoni, akachukua nafasi ya yule aliyeshika mkono wa kulia.

"Moja!" walipiga kelele. Wakambembeza.

"Mbili!"

Walipofika tatu, vidole vya Eisaku, vilivyoshika usukani wa gari la theluji umri mzima, vilifunga kwenye kifundo cha mkono wa Masatsugu. Hakuvuta. Hakuhitaji kuvuta. Aliporuka naye mwenyekiti akaruka, na kipaza sauti kikaruka kikilia mluzi. Walishuka wote wawili, kichwa chini, miguu juu, mara huyu juu mara yule, mpaka wakazama chini kabisa mbele ya Tamae na taulo lake.

Kisha juu kule mtu mmoja akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, na mteremko mzima ukalipuka. Waliocheka zaidi si wageni. Ni wale wale waliomwinamia Masatsugu kila kikao.

Masatsugu aliibuka hana kofia, hana kiatu kimoja, mdomo umejaa theluji. Alipoitema alipata sauti.

"Umeniua, Mkwe! Mgongo wangu!"

"Karibu kijijini, Mwenyekiti," alisema Eisaku, akikung'uta masikio.

Tamae hakumpa yeyote taulo. Alichota majivu ndani ya ndoo, akampaka Masatsugu toka paji la uso mpaka kidevuni, kwa utulivu, kama anayesiliba ukuta. "Hongera, bwana harusi," alimwambia.

Wageni walipiga makofi mpaka glavu zikachakaa. Walidhani ndivyo inavyokuwa siku zote, na jioni bafuni waliulizana mwenyekiti huwa anarushwa wa kwanza au wa mwisho. Masatsugu alikuwa na hasira, lakini biashara ni biashara: tangazo la mwaka uliofuata lilichapishwa na picha yake miguu juu, na maneno makubwa yakieleza kuwa ni desturi ya tangu enzi za mababu.

Siku mbili baadaye Eisaku alikwenda kuoga kwenye bafu la kijiji. Wanaume walisogea kumpisha mahali penye maji moto zaidi. Mmoja akamwita Bwana Eisaku. Mwingine akamsugua mgongo. Hawa ndio waliomnyima jina lake wakati anawachimbia njia, na sasa wanampa kwa sababu amemwangusha mtu ambaye wao hawakuthubutu hata kumpinga. Eisaku alijitazama vidole vya miguu ndani ya maji, akawaona wote wadogo, wadogo sana, mvuke umewafunika mpaka shingoni.

Alirudi nyumbani mapema.

"Wananiita jina langu," alimwambia Tamae.

"Na wewe umewaitika?"

"Nimewaambia maji yamekuwa moto mno."

Akavua soksi zilizolowa, akaingiza miguu chini ya blanketi, akaomba chenza.